Kuhusu hiyo masta yako

Shoga yangu,

Voisi yako ya dakika saba, ya kwamba na wewe unataka kusoma masta kama mimi, nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nilikuwa kwenye bodaboda nikaambulia upepo tu, sa hizi nimekaa na jiko la mkaa miguuni maana baridi ya Njombe unaijua. Nakujibu kwa maandishi, nikirekodi tutaishia kuongelea wanaume.

Kwanza hela, ada naitoa wapi, najua ndo ulichotaka kuuliza ukazunguka weee. Mi sina akiba yoyote mwenzangu. Unakumbuka Bodi ya Mikopo walivokuwa wanatukata 15% ya mshahara afu deni la chuo halishuki sababu ya ile 6% ya kutunza thamani waliyokuwa wanaongeza juu ya deni kila mwaka? Ilipofutwa 2021 ndo likaanza kushuka kweli, mwaka jana mwezi wa nane nafungua salari slip ule mstari wa makato haupo, nikajua wamekosea, kumbe deni limeisha. Nikasema hii hela sijawahi kuizoea mkononi, nikiiacha miezi miwili tu itageuka vitenge na michango ya sendofu, nikaipeleka kwenye ada ya masta moja kwa moja. Kazini wanaamini nina mfadhili, nimewaacha hivohivo.

Sa hapa tulia. Umesema unataka masta ili ukafundishe chuo. Shoga, masta haifuti GPA, ule wastani wa matokeo yako ya digrii ya kwanza. Matangazo mengi ya kazi za kufundisha vyuo yanataka 3.8 ya digrii ya kwanza, masta nayo 4.0, na wewe una 3.1 kama mimi, tuliipata pamoja pale Mabibo hosteli tukipika ugali na dagaa mpaka saa sita usiku. Kusoma utasoma, masta nyingi wanapokea kuanzia 2.7, ndo maana kontrol namba ya kulipia ada inakuja fasta, lakini ule mlango mwingine unabaki umefungwa hata ukitoka na masta ya 5. Mi hakuna aliyeniambia, nimelijua semesta ya pili ada imeshaingia, nikalia juu ya mitihani ya fom tuu mpaka karatasi ya mtoto mmoja ikalowa ikabidi nimpe maksi za huruma.

Utauliza kwa nini sijaacha. Nilitaka kuacha, hasa hii habari ya supavaiza, unamtumia sura ya kwanza anakaa wiki tano, inarudi na alama moja ya kuuliza nyekundu, haijulikani anauliza nini. Ila kuna kitu kimenishika. Risechi yangu ni utoro hapahapa shuleni, na andiko zima nililijenga kwenye umbali, si ndo tunavosema kila kikao, watoto wanatoka mbali. Nikachukua rejista za mwaka mzima nikaanza kuhesabu kwa kalamu. Aisee, wanaotembea masaa mawili kwenda na mawili kurudi wanafika. Wanaokosa ni wale wa mageto, waliopangishiwa vyumba dakika tano kutoka getini, hakuna wa kuwaamsha, unga ukiisha Jumatano wanarudi kwao mpaka Jumatatu. Miaka yote hii nimewachapa wa mbali kwa kuchelewa, na hawa wa karibu sikuwahi hata kuwaona. Nimeifuta sura yote nimeanza upya, na nakwambia usingizi sina lakini sichoki.

Kwahiyo kama kuna kitu kazini kinakuumiza kichwa unataka kukifumbua, nenda, Chuo Kikuu Huria hapo Kinondoni huhitaji hata kuacha kazi. Kama ni kwa ajili ya ulekchara hiyo hela kamalizie lenta za kiwanja chako.

Desemba nashuka Dar wiki mbili za darasani, nalala kwako. Usininunulie chochote, nitafutie chaja ya laptopu tu, hii yangu ina selotepu tatu na haichaji mpaka niibane na goti. Nikifika tutayafungua hayo matangazo uyasome kwa macho yako, maana najua bado unabisha.

Wako wa chumba kile kile.