Meno yetu ya kahawia si uchafu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa mwalimu kijana wa Biolojia, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari yenu ya Jumanne kuhusu "meno machafu" ya watu wa huku Meru, Arusha, imenishinda. Eti tupige mswaki! Mimi napiga mara mbili kwa siku tangu darasa la kwanza, enzi zile kwa kijiti, na meno ni ya kahawia vilevile.

Nimezaliwa jirani na Maji ya Chai. Maji mengi ya huku yanapita kwenye miamba ya volkano na yanabeba madini ya floraidi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ya Shirika la Afya Duniani. Sasa mwandishi wako asikilize, maana kidato cha pili nilikuwa nawafundisha haya bila hata picha. Jino linajengwa likiwa bado ndani ya taya. Seli zinamwaga protini, nyingi zikiwa amelojenini, kama fundi anavyofunga mbao kabla ya zege, na fuwele za kalsiamu na fosfeti zinajipanga humo. Kisha vimeng'enya vinakuja kuzikatakata zile protini ziondoke, fuwele zinenepe, hadi enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, inakuwa karibu madini matupu, asilimia kama 96 kwa uzito. Floraidi ikizidi, mbao zinachelewa kung'olewa. Enameli inabaki na vitundu visivyoonekana kwa macho, na jino likishaota, rangi za chai na vyakula zinajipenyeza. Zile seli nazo zinakufa jino linapoota, kwa hiyo hakuna fundi wa kuitwa arudi. Meno ya mbele ya ukubwani enameli yake inajengwa tangu mtoto ana miezi michache mpaka miaka minne, mitano hivi. Yaani mnanisema kwa maji niliyokunywa nikibebwa mgongoni?

Mwaka juzi, harusini kwa binti yangu, mpiga picha aliniambia, "Mzee, cheka kwa midomo tu." Nikafunga. Pale niliposahau, akanisafisha kwenye kompyuta. Albamu ilipoletwa nina meno meupe pe kama ya tangazo la dawa ya mswaki, mke wangu akauliza, "Huyu niliyekaa naye ni nani?" Na kwenye risiti kulikuwa na mstari wake: "Kurekebisha meno ya baba wa bibi harusi, sh. 15,000." Nililipa.

Halafu hawa wanaopita na vipaza sauti kutuhimiza tuchemshe maji. Sawa, vijidudu vitakufa. Lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki sufuriani imekolea zaidi. Na magadi ya kulainishia makande sokoni yanapimwa kwa kopo, hakuna anayeuliza yamebeba floraidi kiasi gani.

Ombi langu ni hili: kila kioski cha maji huku kiwekewe ubao wa kiwango cha floraidi, tarakimu kubwa kama za bei ya petroli, zibadilishwe kila maji yanapopimwa. Mama mwenye mtoto mchanga aone kabla hajatega ndoo. Na mwandishi wako asiogope kuja kunywa chai kwangu, yeye meno yake yalishakomaa. Ila aje na mswaki wake, anisugue mwenyewe mpaka yang'ae. Nitakaa kwenye kigoda, mdomo wazi.

Mwalimu mstaafu,
Usa River