Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mafunzo ya Rumba, Ada na Mahudhurio

Ndugu Wanachama,

Shughuli za kawaida za chama chetu cha dansi mnazijua, kwa hiyo nitazipitia haraka. Madarasa ya Jumanne na Alhamisi yameendelea, isipokuwa wakati wa Ramadhani na zile siku za mvua za Aprili ukumbi ulipoingia maji. Tumecheza kwenye harusi tatu na mahafali moja. Spika mpya zimenunuliwa. Tumewazika wenzetu wawili na rambirambi za chama zilifika. Wanachama ni 86, waliolipa ada yote ya shilingi 50,000 ni 29, waliolipa nusu ni 14, ada iliyokusanywa ni 1,800,000, ada inayodaiwa ni 2,500,000, kodi ya ukumbi peke yake ni 2,400,000. Pengo limezibwa na malipo ya harusi pamoja na fedha nilizokikopesha chama kutoka mfukoni mwangu, ambazo mpaka leo sijazidai.

Sasa niingie kwenye jambo lililosemwa sana pembeni na kwenye kundi letu la WhatsApp, lakini halijawahi kusemwa mbele yangu.

Mwezi Machi kamati iliamua kwamba mwanafunzi anayeanza afundishwe kwanza rumba kama inavyochezwa kwenye kumbi zetu za dansi hapa Dar es Salaam, na ile rumba ya mashindano ya Kizungu ihamie Jumamosi kwa anayeitaka. Imedaiwa kuwa niliamua peke yangu. Si kweli. Wajumbe watano kati ya saba walihudhuria, muhtasari umesainiwa, na katiba yetu inaipa kamati mamlaka juu ya mafunzo. Wazo lilikuwa langu, hilo silikatai, na nalitetea hapa.

Kwa miaka mingi tulifundisha kwa mtaala wa Uingereza: hatua ianze pigo la pili, goti linyooke uzito unapohamia mguuni, kifua juu, hesabu mbili, tatu, nne-moja, muziki uwe wa mapigo 100 hadi 108 kwa dakika. Ni dansi zuri na gumu, na anayelijua vizuri namheshimu. Tatizo ni kwamba tuliwaambia vijana kuwa hiyo ndiyo rumba sahihi, na wanayocheza wazee wao ni ileile iliyoharibika. Hapo ndipo nilipokataa, kwa sababu historia haisemi hivyo.

Rumba yenyewe ya Havana na Matanzas ni ngoma ya tumba, vijiti na waimbaji. Kwenye guaguancó, mtindo mmoja wa rumba hiyo, wachezaji hata hawashikani: mwanamume humvizia mwanamke kwa ishara ya ghafla ya nyonga au kitambaa, naye hujikinga kwa mkono au kwa sketi. Kinachoitwa rumba kwenye mashindano kimetokana zaidi na son na bolero, miziki mingine ya Kuba. Mwalimu wa London aliyejulikana kama Monsieur Pierre alikwenda Havana mwaka 1947 kuona watu wanavyocheza, akarudi na mtindo huo, na walimu wa Ulaya wakabishana miaka kadhaa kabla ya kukubaliana. Huku kwetu, santuri za mfululizo ulioitwa GV, zenye son za Kuba, zilikuwa zimeshaanza kuuzwa Afrika tangu miaka ya 1930. Wanamuziki wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walizisikia, wakaupeleka muziki ule kwenye magitaa, na bendi zetu zikajifunza kwao. Kwa hiyo hizi ni njia mbili zilizotoka chanzo kimoja. Rumba yetu haikupitia London, na haiwezi kusahihishwa kwa kitabu cha London.

Tulipowapeleka wanafunzi wenye vyeti kwenye dansi la Jumapili, kila aliyekuwepo aliona kilichotokea. Sehemu ya taratibu walikwenda vizuri, ingawa kila jozi ilichukua nafasi ya jozi nne na viwiko viliwagonga majirani. Chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, lilipoingia, magitaa yakajibizana, tumba ikabadilika, nao wakasimama katikati ya ukumbi midomo ikihesabu. Wazee hawakusimama. Waliachiana mkono mmoja, wakashusha magoti, wakaendelea mahali palepale.

Njoo Alhamisi umwone mama yetu wa Temeke anavyofundisha. Hahesabu. Anamwekea mwanafunzi kiganja mgongoni, chini kidogo ya bega, anamgonga kwa vidole kila besi inapogonga, na anamkataza kuinua kisigino. Nusu saa nzima mwanafunzi anahamisha uzito tu, haendi popote. Akianza kutembea, mwenza wake anajua anakoelekea bila kusukumwa.

Mwanachama mmoja ameandika kwamba hata wazee wetu walianza na foxtrot na waltz kwenye vilabu vya zamani, kwa hiyo tunajidanganya kudai asili. Ni kweli walianza huko. Pwani nzima dansi la kushikana liliingia kwa Wazungu na kwa watu waliosoma misheni, na walivaa suti na glavu. Lakini kuanzia bendi ya NUTA Jazz ya 1964, ambayo leo ni Msondo, mpaka bendi ya Mlimani Park ya 1978, watu walilibadilisha mguu kwa mguu mpaka likawa lao. Hayo waliyoyafanya ndiyo tunayoyafundisha. Mwingine amesema rumba ni ya Wakongo. UNESCO iliiorodhesha Desemba 2021 kwa jina la Kongo zote mbili, kama ilivyoiorodhesha ya Kuba mwaka 2016, na hakuna anayewanyang'anya. Sisi tunafundisha namna ilivyochezwa hapa, na tunataja ilikotoka.

La fedha nalo lijibiwe. Maharusi wawili walituacha kwa sababu walitaka mizunguko ya kwenye video. Mwalimu wa mtaala wa zamani aliondoka kwa hiari yake, hakufukuzwa, na nafasi yake Jumamosi bado ipo. Hata hivyo darasa la wanaoanza limepata watu 19 wapya tangu Machi, wengi wao watu wazima waliosema walikuwa wanaogopa kuja.

Linaloniuma zaidi ni mahudhurio. Mkutano wa Julai uliahirishwa kwa kukosa akidi, tulikuwa 17. Wanaopinga uamuzi huu kwa maneno makali ni walewale ambao majina yao hayamo kwenye daftari la mahudhurio wala la ada. Mtu hawezi kudai kura juu ya mafunzo ambayo hayachangii na haji kuyaona. Nimewapigia wengi simu mwenyewe, usiku, baada ya kazi.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuwarekodi wazee wakicheza wakati bado wana nguvu, kupata bendi ya kupigia darasa hata mara moja, na kutafuta ukumbi wa bei nafuu. Mazungumzo yameanza.

Uamuzi wa Machi utaendelea mpaka mkutano huu utakapoamua vinginevyo kwa kura za wanachama waliolipa ada. Mweka hazina yupo mezani na stakabadhi, na atabaki hapo hata baada ya chai.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti