Kagua usukani kabla injini haijapata moto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaonunua magari yaliyotumika hapa Mbeya. Msikubali kukuta gari limeshawashwa. Dalali anayekusubiri huku injini inanguruma amekunyima kipimo kizuri kuliko vyote cha pawa steringi ya pampu, yaani ile inayolainisha usukani kwa mafuta yanayosukumwa na pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, mafuta ya steringi huamka mazito, na mkanda uliolegea au hozi inayovuta hewa hujitangaza ndani ya dakika ya kwanza. Gari likipata moto, mengi ya hayo hunyamaza.

Anza injini ikiwa imezimwa. Pima upepo wa tairi za mbele kwanza, maana tairi laini hufanya usukani mzito na pampu ikasingiziwa bure. Kisha fungua boneti utafute kichupa cha mafuta ya steringi na usome alama ya baridi, si ya moto. Toyota nyingi zenye pampu hutumia ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki), ambayo ikiwa safi ni nyekundu na inapitisha mwanga. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, mfumo umepata joto kali kwa muda mrefu. Povu maana yake hewa inaingia, na mara nyingi inaingilia kwenye hozi itokayo kichupani kwenda kwenye pampu, ambapo klipu imelegea au mpira umepasuka. Hozi hiyo inavuta badala ya kusukuma, kwa hiyo inaweza kuingiza hewa bila kudondosha mafuta ya kuonekana, na ndiyo maana mafundi wengi huiruka wakakimbilia kubadilisha pampu.

Mafuta mapya ndani ya kichupa kichafu yameongezwa karibuni. Uliza ya zamani yalikwenda wapi. Mfumo huu hauunguzi mafuta, yakipungua, yamevuja. Angalia maungio ya paipu ya presha, shingo ya pampu, halafu minya mpira wenye mikunjo kila upande wa raki, yaani chuma chenye meno kinachogeuza tairi za mbele. Ukihisi mafuta yanacheza ndani yake, seali za raki (mipira ya kuzuia mafuta yasitoke) zimekwisha. Dawa ya chupa ya kuziba uvujaji huvimbisha seali kwa muda tu, kwa hiyo gharama ya raki itolewe kwenye bei ya gari. Na yeyote aliyewahi kumimina mafuta ya breki humo ameharibu seali zote: hayo hayaingii kwenye steringi hata kwa dharura.

Sasa kaa kwenye kiti, fungua loki ya usukani, uvute upande mmoja kwa nguvu ya kiasi, na ukiwa umeushikilia hivyo washa gari. Injini ikishika, usukani ulegee mkononi mwako. Usipolegea, pampu haisaidii. Mlio mkali wakati wa kuwasha au kukata kona hadi mwisho ni wa mkanda. Mngurumo unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta ni wa pampu au hewa. Kuzomea kidogo usukani ukifika mwisho kabisa ni valvu ya presha, hilo ni kawaida. Usiushikilie hapo zaidi ya sekunde 5, utachemsha mafuta.

Zunguka Mwanjelwa hadi Uyole urudi, kisha rudia kipimo gari likiwa la moto. Hapa ndipo pampu na raki hutofautiana. Usukani mgumu asubuhi unaolainika baadaye, hasa mgumu upande mmoja, ni wa seali za ndani ya raki. Ulio mwepesi asubuhi kisha mzito baada ya safari, injini ikizunguka polepole, ni wa pampu iliyochakaa, kwa sababu mafuta mepesi yanapita kwenye uwazi wake. Tatizo hili la pili ndilo linaloniogopesha zaidi. Anayeteremka Kitonga au Iwambi akiwa ameweka gia huru ili abane mafuta huiacha pampu hiyo kwenye mzunguko wake wa chini kabisa, na kona hazimsubiri. Anayezima injini kabisa hubaki hana pampu, na breki nazo hukakamaa baada ya kukanyagwa mara chache.

Wenye Vitz, IST na Passo wana steringi ya umeme: hakuna pampu wala mafuta, ni mota kwenye shina la usukani. Anayekuuzia mafuta ya steringi kwa gari hilo anakuibia. Weka swichi bila kuwasha injini: taa ya steringi kwenye dashibodi iwake, kisha izime baada ya kuwasha. Isipowaka kabisa, shuku kwamba imezimwa makusudi. Ikibaki inawaka, anza na umeme: betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6, na injini ikifanya kazi isome kati ya 13.5 na 14.5. Kagua na fyuzi na waya wa eathi kwenye bodi kabla hujakubali kununua shina zima.

Shina likibadilishwa, sensa yake ya torki, inayosoma nguvu ya mkono wako kwenye usukani, lazima irudishwe sifuri kwa mashine ya kupimia. Ukiambiwa lilibadilishwa, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, nenda taratibu na ulegeze mikono. Usukani ukijivuta wenyewe ilhali upepo wa tairi uko sawa na alaimenti (mwelekeo wa tairi) imepimwa, kazi hiyo haikumalizwa, na muuzaji aimalize kabla hujatoa pesa.

Fundi wa magari madogo,
Mwanjelwa, Mbeya