Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Chenji ya Rada na Hesabu Isiyofungwa

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu inamtaka mwenyekiti awasilishe kwenu kila mwaka taarifa ya kazi zilizofanyika. Kwa kuwa katibu na mhazini wamekwisha kuwaeleza habari za ada, mahudhurio na fedha zilizoko benki, sitazirudia. Taarifa yangu inahusu jambo moja lililochukua sehemu kubwa ya muda wetu tangu tulipokutana mara ya mwisho, nalo ni uwajibikaji katika fedha za umma zinazotumika kwa jina la ulinzi na usalama, ambalo tulilisoma kupitia ununuzi wa rada kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza.

Si wote mlioafiki uamuzi huo. Katika kikao cha kwanza, mzee mwenzetu mmoja aliyepigana vita vya Kagera akiwa kijana alisimama akatuonya kwamba chama cha walimu wastaafu na wazazi hakina kazi ya kuchokonoa mambo ya jeshi. Tulimsikiliza kwa heshima anayostahili, na mjadala ulichukua saa nzima. Alitukumbusha kwamba majeshi ya Idi Amin yalipoingia na kuikalia ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera mwaka 1978, Mwalimu alilieleza taifa waziwazi sababu ya kupigana, na wananchi wakatoa ng'ombe, vyakula na malori, kisha wakavumilia miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni. Mama mmoja akamuuliza kama askari wa mstari wa mbele angedhurika iwapo raia wangeijua bei ya bunduki yake. Mzee alifikiri kidogo, akajibu kwamba kinachomdhuru askari ni kukabidhiwa kifaa kibovu kilichonunuliwa kwa bei ya kizuri. Tangu siku hiyo hajakosa kikao hata kimoja, na ninamshukuru mbele yenu, kwa sababu jibu lake ndilo lililotupatia mpaka tuliouhitaji: mahali askari walipo na mipango yao ni siri ya nchi, lakini bei, mkopo, dalali na asilimia yake ni mali ya mlipa kodi.

Sasa nieleze yale tuliyoyasoma. Mkataba wa rada ulisainiwa mwaka 1999 kwa bei ya pauni milioni 28 za Uingereza, fedha ambazo Tanzania ilizipata kwa mkopo wa benki ya biashara. Serikali ilieleza kwamba mtambo huo ungetumika kwa usafiri wa anga wa kiraia na kwa ulinzi pia. Benki ya Dunia ililalamika, na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipoombwa ushauri likasema kwamba mtambo ni ghali mno na haufai vizuri kwa ndege za abiria. Huko London kwenyewe baraza la mawaziri liligawanyika: Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa, aliupinga mkataba hadharani, lakini Waziri Mkuu Tony Blair aliuunga mkono, na leseni ya kuuza mtambo nje ya Uingereza ikatolewa Desemba 2001.

Naomba mwezi huo muuweke akilini. Novemba 2001, yaani mwezi mmoja kabla ya leseni, Tanzania ilikuwa imefikia hatua ya mwisho ya mpango wa kusamehewa madeni kwa nchi maskini zenye madeni makubwa, na kuanzia Januari 2002 ukaanza utekelezaji wa MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, baada ya ada ya shule za msingi kufutwa. Wengi wenu mlikuwa madarasani wakati huo. Mnakumbuka watoto walivyofurika darasa la kwanza, wengine wakiwa wamekwisha kuota ndevu, wakakaa chini kwenye sakafu ya vumbi, na kitabu kimoja kikazungukwa na vichwa saba au vinane hata aliyekaa pembeni akazoea kusoma maandishi yaliyopinduka. Deni la zamani lilikuwa limefutwa ili watoto hao wasome, na wakati huohuo nchi ilikuwa imejitwika deni jipya la rada.

Mwaka 2007 magazeti ya Uingereza yalifichua kwamba dalali alilipwa kamisheni kubwa katika biashara hiyo. Maelezo yaliyokuja kuthibitishwa mahakamani yanasikitisha kuyasoma. Kati ya Januari 2000 na Desemba 2005 kampuni ililipa dola za Marekani milioni 12.4 kwa kampuni mbili za mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Sailesh Vithlani. Moja ilikuwa ya hapa nchini, nayo ilipata takribani asilimia 1 ya bei ya mkataba. Nyingine ilisajiliwa nje ya nchi, nayo ikapata takribani asilimia 30. Mhazini wetu alituandikia hesabu hiyo ubaoni kwa namna ambayo hata mjukuu wake angeielewa: katika kila shilingi 100 ya rada, shilingi 31 zilikuwa za dalali. Nami naongeza kwamba ni vigumu kuona shilingi hizo zilitoka wapi kama si ndani ya bei yenyewe, yaani ndani ya mkopo ambao sisi ndio tulioulipa pamoja na riba.

Tarehe 21 Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark jijini London, BAE ilihukumiwa kwa kosa moja tu ililolikiri, nalo ni kushindwa kutunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu malipo hayo. Haikushtakiwa kwa rushwa. Jaji Bean aliyeisikiliza kesi hakuficha mashaka yake, akasema ingekuwa ni ujinga uliopitiliza kuamini kwamba Vithlani alikuwa mshawishi tu aliyelipwa vizuri. Lakini jaji hufungwa na hati ya mashtaka iliyo mbele yake, na makubaliano kati ya kampuni na taasisi ya Uingereza inayochunguza ulaghai mkubwa, SFO, yalikuwa yamekwisha kupunguza kesi hiyo hadi kuwa kosa la vitabu vya hesabu. Kampuni ilitozwa faini ya pauni 500,000, na kwa mujibu wa makubaliano ikatakiwa kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania.

Hata hizo hazikuja kwa urahisi. Kampuni ilitaka kuunda kamati yake ya kuamua fedha zitumikeje, na mwaka 2011 ujumbe wa wabunge wetu ukiongozwa na Naibu Spika wa wakati huo, Job Ndugai, ulikwenda London kudai zilipwe kupitia serikali. Kamati ya Bunge la Uingereza inayoshughulikia maendeleo ya kimataifa iliwahoji wakuu wa kampuni hiyo kuhusu ucheleweshaji huo. Makubaliano yalisainiwa Machi 2012, fedha zikaelekezwa kwenye vitabu vya shule za msingi, miongozo ya walimu na madawati.

Mitaani fedha hizo zikapewa jina la chenji ya rada, jina ambalo lilituchukua kikao kizima. Chenji anapewa mtu aliyetoa noti kubwa dukani, naye huihesabu mbele ya mwenye duka bila kumshukuru. Lakini katika karatasi za makubaliano malipo haya yalielezwa kuwa ni ya hisani, wala hayakuitwa fidia au marejesho ya fedha zilizoporwa. Tofauti hiyo ni kubwa kisheria na kimaadili, kwa kuwa anayetoa hisani hakiri kosa, na anayepokea hisani hana haki ya kuuliza ilikuwaje. Naona wananchi walikuwa sahihi kuliko wanasheria walioandika karatasi zile.

Kamati yetu ya elimu ilitembelea shule mbili ambazo walimu wake wakuu walitukubalia. Katika shule ya kwanza mwalimu wa taaluma alitufungulia kabati la stoo akatoa kitabu cha sayansi cha darasa la tano ambacho, kwa maelezo yake, kililetwa kwa fedha hizo. Jalada lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa gunia, kurasa za mwisho hazikuwapo, na pembeni mwa picha ya moyo wa binadamu watoto wa miaka mbalimbali walikuwa wameandika majina yao kwa kalamu ya risasi, moja juu ya jingine. Nilihesabu majina 11 katika ukurasa huo mmoja. Katika shule ya pili tulioneshwa dawati la watoto watatu lenye fremu ya chuma, ubao wake umekwisha kubadilishwa mara mbili na fundi wa kijiji, fremu ikiwa bado imara. Sijutii kwamba fedha zile zilifika huko. Nilikaa kwenye dawati lile nikafurahi, na furaha hiyo haikuniondolea swali kwamba mtoto aliyekaa sakafuni mwaka 2002 alikuwa amekwisha kumaliza shule, au kuiacha, miaka mingi kabla dawati halijafika.

Upande wa pili wa hesabu ndio ambao haujafungwa. Rushwa haina upande mmoja. Kama kuna aliyetoa, yupo aliyepokea. Aprili 2008 Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati wa mkataba, alijiuzulu uwaziri wa miundombinu baada ya kufahamika kwamba alikuwa na zaidi ya dola milioni moja katika akaunti ya kisiwa cha Jersey, fedha alizoziita vijisenti. Haki inanitaka niseme kwamba alikana kuhusika na rushwa ya rada na hakushtakiwa kwa jambo hilo. Swali letu si la kumhukumu mtu huyu au yule. Tunachouliza ni kwa nini nchi iliyoibiwa ilipokea vitabu bila kupokea maelezo kutoka kwa mahakama zake yenyewe.

Hatuko peke yetu katika hili. Kenya ilikuwa na mikataba yenye utata iliyojulikana kwa jina la Anglo Leasing, mingi ikiwa ya vifaa vya usalama, iliyofichuliwa na John Githongo, aliyekuwa ofisa wa serikali wa kupambana na rushwa. Uganda mwaka 1998 ilinunua kutoka Belarus helikopta za kivita ambazo hazikuweza kuruka ipasavyo. Afrika ya Kusini ilinunua ndege na manowari mwaka 1999, ikaunda tume ya Jaji Seriti, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikayatupa matokeo ya tume hiyo kwa kushindwa kuchunguza ipasavyo. Uingereza nayo, Desemba 2006, ilisitisha uchunguzi wa BAE kuhusu silaha zilizouzwa Saudi Arabia kwa sababu iliyoitwa usalama wa taifa. Kila mahali pazia ni lile lile.

Na pazia hilo linazidi kupanuliwa. Taasisi ya utafiti wa amani ya SIPRI ya Stockholm, Sweden, ilikadiria kwamba mwaka 2024 dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa mambo ya kijeshi, ongezeko la asilimia 9.4 kwa mwaka mmoja. Fedha zinapoongezeka kwa kasi hiyo, madalali hawakai mbali.

Kuna mfano mmoja wa nyumbani ambao ninapenda uingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Mwaka 2017 Tanzania iliingia mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa kununua rada nne za kuongozea ndege za kiraia kwa viwanja vya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa takribani shilingi bilioni 67.3, ambazo kwa thamani ya wakati ule ni kama dola milioni 30. Najua teknolojia hushuka bei na mitambo haifanani, hivyo siwezi kuzilinganisha kama mtu anayelinganisha magunia ya mahindi. Hata hivyo rada ile moja pamoja na vifaa vyake ilitugharimu karibu dola milioni 40, na bei ya mkataba wa pili ilitajwa hadharani tangu mwanzo bila anga letu kudhurika kwa kutajwa huko.

Kuhusu hatua tulizochukua, tuliandika barua kwa ofisi moja ya umma kuomba orodha ya mgawanyo wa vitabu na madawati katika wilaya yetu. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na hadi leo hatujajibiwa. Wanachama wawili waliokwenda kufuatilia waliambiwa jalada liko kwa mtu mwingine. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaruhusu taarifa zinazogusa usalama wa taifa zizuiwe, lakini orodha ya madawati haiwezi kuwa siri ya kijeshi, na kamati tendaji imeamua kuandika tena kwa kutaja sheria hiyo.

Barua ya pili tunayopendekeza ni kwa mbunge wetu. Ibara ya 143 ya Katiba inampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mamlaka ya kukagua hesabu zote za Serikali, na taarifa yake hufika bungeni. Ukaguzi huo huja baada ya fedha kutoka. Tunaomba mbunge apeleke hoja kwamba mkataba wowote wa vifaa vya ulinzi au usalama unaogharimiwa kwa mkopo upitiwe kabla ya kusainiwa na wajumbe wachache wa kamati za Bunge zinazohusika na ulinzi na hesabu za Serikali, kwa faragha na kwa kiapo ikibidi, na kwamba muuzaji atakiwe kutaja kwa maandishi kila dalali anayemlipa, kiasi anacholipwa na nchi akaunti yake ilipo. Mzee wetu wa Kagera ndiye aliyependekeza kiapo, nasi tukakubali.

Rasimu ya barua hiyo iko mezani kwa katibu, kurasa mbili. Naomba kila mwanachama aisome kabla hatujafika ajenda ya tano, na mwenye marekebisho ayaandike pembeni kwa kalamu ili yaingizwe kabla ya kupigiwa kura.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti