Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge la Makabwela: ridhaa ya mfalme iwekwe mezani

Mheshimiwa Spika,

Mimi ni Mkenya ninayeishi Leicester, na sheria zenu zinaturuhusu raia wa Jumuiya ya Madola tunaoishi huku kihalali kuchagua wabunge. Kwa hiyo naandika nikiwa mpiga kura.

Mei 1832, Mfalme William IV alikataa kuteua malodi (wajumbe wa Nyumba ya Juu ya Bunge) wapya wa kutosha kupitisha muswada wa mageuzi ya Bunge. Waziri Mkuu Grey akajiuzulu, Wellington, mpinzani wa mageuzi hayo, akaitwa aunde serikali, na mabango yakabandikwa London: ukitaka kumzuia Wellington, kachukue dhahabu yako. Watu wakamiminika Benki Kuu ya Uingereza na kutoa dhahabu ya kama pauni milioni 1.5. Wellington akashindwa, Grey akarudi, mfalme akanywea. Tarehe 7 Juni muswada ukawa sheria.

Sasa tubadilishe jambo moja tu: tuseme William angefuata nyayo za baba yake. Desemba 1783 George III hakukataa chochote hadharani. Alimtuma Lord Temple awaambie malodi kwamba atakayeunga mkono muswada wa serikali kuhusu Kampuni ya India Mashariki si rafiki wa mfalme, ni adui yake. Muswada ukaanguka, kura 95 kwa 76. Mawaziri wakafukuzwa, wakaagizwa warudishe mihuri ya vyeo vyao kupitia wasaidizi wao, kwani mfalme hakutaka hata kuonana nao. Uwaziri Mkuu akapewa Pitt, kijana wa miaka 24.

Mnong'ono wa namna hiyo mwaka 1832 ungetosha kabisa. Nani angekwenda benki kudai dhahabu kwa jambo ambalo hajalisikia? Old Sarum, kilima kisicho na wakazi, kingeendelea kuwa na wabunge wawili, na Manchester pamoja na viwanda vyake vyote isipate hata mmoja. Wenye mashamba ya miwa ya Karibi, waliozoea kujinunulia viti vya aina hiyo, huenda wangeichelewesha sana sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa. Hilo nakisia, lakini sikisii mbali.

Mnong'ono bado una mlango wake, Mheshimiwa, na wewe ndiye bawabu. Muswada unaogusa mamlaka au mali ya mfalme hupelekwa kwake aridhie kabla Bunge halijaumaliza. Ridhaa isipopatikana, unaacha kuwahoji wabunge, na kura haipigwi. Mwaka 1999 muswada wa mbunge Tam Dalyell, uliotaka Bunge ndilo liidhinishe mashambulizi dhidi ya Iraq, ulikwama kwa kukosa ridhaa hiyo. Tunaambiwa mfalme hufuata tu ushauri wa mawaziri. Sawa, basi tuuone huo ushauri.

Ombi langu ni dogo. Kila ridhaa inapoombwa, barua zote kati ya serikali na Kasri ziwekwe mezani kabla muswada haujasomwa mara ya tatu, pamoja na kila kifungu kilichobadilishwa njiani. Kama hakuna kilichobadilishwa, kazi ya karani wako itakuwa nyepesi.

Wako,
Mpiga kura, Leicester