Miembe ya Ujiji nayo ni bustani, jamani tusiimalize

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni kuhusu miembe yetu huku Ujiji, maana tangu nirudi kutoka Dar jambo hili halinitoki kichwani.

Mwezi wa pili nilimpeleka mama kwenye matibabu Dar, kliniki ilikuwa mara mbili kwa wiki na siku zilizobaki tunashinda kwenye chumba kimoja na lile joto, basi siku moja tukaelekezwa twende Bustani ya Mimea, pale Samora jirani kabisa na Makumbusho ya Taifa. Mi nimepita Samora mara nyingi tu na sijawahi kuingia! Mama akakaa kivulini, akavua viatu, akanyamaza muda mrefu alafu akasema, "Mwanangu, hapa kama Ujiji." Tukawa tunaenda kila siku isiyo ya kliniki.

Ile bustani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, mwenyewe ni Profesa Stuhlmann, na haikuwa ya watu kupumzika, lilikuwa shamba la majaribio, wanaangalia zao gani la biashara litakubali kwenye koloni lao. Mwaka 1902 wakafungua kituo kikubwa cha utafiti Amani kule Usambara na Stuhlmann huyohuyo akaenda kukiongoza, miti ya Dar ikabaki, na leo kivuli chake tunakifaidi sisi. Kuna mpaka ule mnazi wa Shelisheli, ambao mbegu yake ndo kubwa kuliko zote duniani, moja inaweza kufika kilo 20 na zaidi. Bustani sa hizi ni ndogo, majengo yameibana, lakini ukiingia makelele ya magari unayasahau. Mtu wa Kigoma ukienda Dar usiishie Kariakoo tu, pita na pale.

Sasa nije kwetu. Miembe ya Ujiji haikupandwa na Mjerumani, ilikuwepo kabla yake. Ni ya enzi za misafara, njia ya kutoka huku mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu, watu wamebeba pembe za ndovu na wengine wako kwenye minyororo, na kivuli walichokuwa wanapata ni cha miembe hii. Njia yenyewe, Ujiji ikiwemo na Kwihara ya Tabora, Tanzania iliipeleka UNESCO mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia. Wageni wanatoka Ulaya wanakuja kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871, wanapigia picha miembe ya pale uani inayosemwa ni kizazi cha ule mwembe wenyewe waliokutania chini yake, wanapanda bajaji wanarudi Mwanga, hapahapa mjini Kigoma. Hakuna anayewaambia kwamba barabarani walikopita kuna miembe mingine ya zamani hizo hizo, na sisi wenyeji tunaiegeshea bodaboda tu.

Kilichoniuma ni kwamba niliporudi nikakuta mwembe wa mtaani kwetu umekatwa, eti mizizi inasumbua ukuta wa fremu ya duka. Mti ambao watu watatu mkishikana mikono hamuumalizi! Bibi yangu aliukuta ukiwa mkubwa hivyohivyo. Siku mbili msumeno ukanguruma, magogo yakapakiwa, siku ya tatu jua limewaka pale walipokuwa wanakaa kina mama wauza dagaa na mawese, na wamehama.

Ombi langu kwa wahusika si kubwa wala halihitaji mfadhili. Miembe ya zamani iliyobaki ihesabiwe, ipigwe namba kama nguzo za umeme, asiyekuwa na kibali asiiguse. Iwekwe mabenchi machache chini yake na kibao cha kueleza historia, na katikati ya mizee ipandwe midogo ya mbegu ileile, sio miti ya maua ya kununua, maana mizee hii nayo haitakaa milele. Vijana wa kumwagilia wapo, shule ziko palepale.

Mimi kwa upande wangu kokwa za ule uliokatwa niliziokota msimu uliopita, tulipokula maembe yake mara ya mwisho bila kujua. Nimeziotesha kwenye ndoo za rangi, kumi na moja zimeshika. Mvua zikianza tu nazitoa, ila nionyeshwe pa kuzipanda ambapo hakuna mtu atakayekuja kujenga fremu.

Mkazi wa Ujiji,
Kigoma