Kamati ya maafa ya mtaa iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji au mtaa. Ni sheria nzuri. Lakini masika yaliyopita, maji yalipoingia nyumbani kwetu bondeni usiku wa manane, aliyetuamsha ni kijana muuza mkaa, akigonga mabati nyumba hadi nyumba. Godoro lilikuwa limeshaanza kuelea. Mama mkwe, ambaye hatembei, tulimtoa kwa mkokoteni.

Baadaye nilikwenda kuuliza kamati yetu ni akina nani. Nilionyeshwa karatasi ukutani yenye majina manne. Wawili walishahama mtaa.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliifunika Katesh, mkoani Manyara, na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Tope halingoji gari litoke Dodoma. Anayefika kwanza ni jirani, na ndiyo maana kamati ya mtaa ina uzito kuliko zote, ingawa ndiyo isiyo na hata kamba.

Naomba halmashauri ziwape watu hawa filimbi, kurunzi, kipaza sauti, na orodha ya wazee na wagonjwa wa kila mtaa, nyumba kwa nyumba. Wafanye hivyo kabla ya vuli.

Mkazi wa bondeni,
Dar es Salaam